Leo Umekuja na Miguu ya Nani?

Beseni la bluu bado liko chini ya kitanda cha baba. Lina ufa mdogo ukingoni, ambao aliuziba mwenyewe kwa gundi ya viatu, na gundi hiyo imeshika mpaka leo. Sijaweza kulitoa. Nikifagia chumba nalisogeza, nafagia pale lilipokuwa, kisha nalirudisha.

Kwa mwaka mmoja na miezi minane nilimwosha baba miguu katika beseni lile, karibu kila siku nikitoka kazini. Naandika kwa sababu nimeanza kusahau mambo madogo. Juzi nilijaribu kukumbuka ni kidole gani cha mguu wake wa kushoto kilichokuwa kimempandia mwenzake, nikashindwa, nikakaa chini na ufagio mkononi.

Baba alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi kwenye kibaraza kilichotazamana na ofisi za serikali, akigawana kivuli na fundi saa, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye ndiye aliyembandika jina la Mzee Soli. Mimi ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Nasimama kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni mbele ya shuka za watu nisiowajua. Nikifika nyumbani huwa nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda na viatu vyangu mguuni, kwa sababu hata kuinama kuvivua ni kazi nyingine. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama alikuwa ametutangulia miaka sita kabla ya haya.

Baba alipoambiwa ana sukari, aliuchukulia ugonjwa kama mgeni wa siku mbili. Aliacha kutia sukari kwenye chai, akanuna wiki nzima, akazoea. Kumbe miguu ilikuwa na habari zake. Jioni moja alirudi nyumbani na ndara moja. Mguu mmoja ndara, mwingine mtupu, una vumbi mpaka kifundoni, na yeye hana habari.

"Baba, ndara nyingine iko wapi?"

Akatazama chini kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Si hii hapa?"

Fundi saa aliposikia alicheka siku tatu. Alimwambia kila mpita njia kwamba fundi viatu amepoteza kiatu akiwa amekivaa. Mimi sikucheka. Nilimpeleka zahanati.

Pale zahanati chumba cha vidonda kilikuwa cha nesi mmoja, mama mfupi, mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Baba alimwita Jenerali tangu siku ya kwanza, na yeye hakukataa cheo. Alimlaza baba kitandani, akachukua kipande cha uzi mgumu wa nailoni, akawa anamgusa nacho nyayo.

"Ukisikia, sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema baba. "Ndiyo. Ndiyo. Hapo pia ndiyo."

Jenerali akanitazama, kisha akamtazama baba, ambaye alikuwa ameinua shingo anafuata mkono wake kwa macho.

"Fumba macho, mzee."

Baba akafumba. Uzi ukagusa kidole gumba, ukagusa katikati ya unyayo, ukagusa chini ya kidole kidogo mpaka ukapinda. Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki. Jenerali akagusa sehemu tisa, na baba akalala pale na macho yamefumbwa, mdomo umefunguka kidogo, anasubiri kuguswa.

"Umeanza?" akauliza.

Siku hiyo tulipewa masharti. Jenerali alinisemesha mimi, lakini alikuwa anamtazama yeye. Maji ya uvuguvugu, na nipime kwa kiwiko, yeye asipime kwa mguu kwa kuwa mguu wake utamdanganya. Kukausha katikati ya vidole mpaka pakauke kabisa. Mafuta kwenye kisigino na unyayo, yasiingie katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Wembe kwenye sugu, marufuku. Kutembea pekupeku, hata kwenda msalani, marufuku. Na kabla hajavaa viatu vyake, mtu atie mkono ndani apapase.

"Kila siku," alisema. "Sikusema mkikumbuka. Nimesema kila siku."

Mwanzoni baba aliona haya. "Binti yangu anioshe miguu kama maiti?"

"Maiti hasemi sana hivi, baba. Lete mguu."

Akaleta. Ilikuwa miguu mipana, yenye magaga kisiginoni ambayo mafuta yaliyameza bila shukrani. Nilikuwa nainua mguu mmoja, naweka kioo kidogo chini yake nione unyayo, na yeye anainama kutazama juu ya bega langu. "Yule mzee kwenye kioo anazeeka vibaya," alikuwa akisema. Halafu nyayo zikishapakwa mafuta alikuwa ananiambia habari za mchana: nani kaleta kiatu kimeachama kama mamba, nani kashindana naye juu ya kisigino. Mara nyingi sikusikiliza. Nilikuwa nimechoka. Hilo ndilo ninalojaribu kurudisha sasa, habari zile za mchana, na hazirudi.

Baada ya miezi saba hoteli ilipokea wageni wa mkutano. Wapiga pasi wenzangu wawili waliugua wiki hiyohiyo. Nilikuwa narudi na giza, nimesimama kwa saa kumi na tatu, na baba alikuwa ananisubiri na beseni lake limejaa. Siku ya kwanza nilisema, "Kesho, baba." Akasema, "Nenda kalale, mama, miguu haiendi popote." Ikawa kesho, na kesho yake. Siku nne.

Siku ya tano nilimvua soksi na soksi ikang'ang'ania. Ilikuwa imelowa upande wa nje. Kwenye ubavu wa kidole kidogo cha mguu wa kulia ngozi ilikuwa imetoka, pamebaki tundu jekundu la ukubwa wa punje ya mahindi.

"Nini?" akauliza.

"Kidonda."

"Mbona hakiumi?"

Asubuhi nilituma ujumbe hotelini kwamba nitachelewa, tukaenda kwa Jenerali. Alikisafisha, akavaa miwani, akakichungulia mpaka chini.

"Mfupa haujaguswa," alisema mwisho. "Nawapa wiki tatu. Kikianza kufunga, vizuri. Kikiendelea kuchimba, naandika barua ya kwenda kwa wapasuaji, na kidole hiki kitakatwa. Na kidole kimoja kikishaondoka, mzee, wenzake nao huanza kufunga mizigo."

Tulirudi polepole. Baba alisimama njiani kama mtu anayetaka kupumzika, akashika ukuta.

"Nilikuja duniani na vidole kumi," alisema. "Nataka niondoke navyo kumi. Basi. Sitaki kingine."

"Utaondoka navyo."

"Usiniahidi umechoka hivyo."

Nilitafuta kiatu kilichomuumiza. Alikuwa na jozi mbili tu, zote alijishonea mwenyewe kwa ngozi laini, pana mbele, wazi pembeni. Nilitia mkono ndani, nikapapasa kila mshono, nikavigeuza, nikavigonga chini. Hakuna msumari, hakuna mchanga, hakuna kitu. Nikaamini ni zile siku nne, kwamba kidonda kilizaliwa na uvivu wangu. Nilianza kuamka mapema zaidi nikisafishe kabla ya kazi, nichemshe vitambaa na kuvipiga pasi mpaka vikauke kabisa. Jioni nakisafisha tena. Baba aliniambia nimekuwa kama saa ya ukutani. Hakuna siku niliyoruka.

Wiki ya pili kidonda kilikuwa kikubwa zaidi.

Jenerali alivua miwani. "Kuna kitu kinakionea kidole hiki kila siku ya Mungu. Hiki hakijiumizi chenyewe. Kitafuteni."

"Nimetafuta," nilisema, nikamhesabia kila mshono niliopapasa.

Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa nyumbani nafua. Akaja karani mmoja wa zile ofisi za serikali, kijana wa suti, lakini miguuni amevaa ndara na kisigino kimoja kimebandikwa plasta. Mkononi alikuwa na mfuko wenye viatu.

"Shikamoo, dada. Mzee yupo?"

"Marahaba. Yupo kazini. Hukumkuta?"

"Nimepita hapa kwanza, ni karibu na kwangu. Basi naomba umwambie tu, kwa heshima, mara hii hakuvivaa vya kutosha. Vimenitafuna. Tazama."

"Hakuvivaa?"

"Si huwa anatuvalia? Sisi wenye mguu wake, namba arobaini na mbili. Viatu vipya anavilegeza yeye kwanza siku mbili tatu. Mwaka jana vilikuwa vinatoka kwake kama soksi. Siku hizi sijui vipi, hata mwenzangu wa masjala analalamika."

Nilibaki na shati mkononi, maji yanachuruzika.

Nilikuwa nalijua jambo hilo. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa anarudi nyumbani na viatu vya kung'aa visivyo vyake, anatembea kama bwana mkubwa, na mama anasimama mlangoni, mkono kiunoni: "Leo umekuja na miguu ya nani?" Na yeye anajibu: ya hakimu, ya mwalimu mkuu, ya bwana harusi. Tulicheka kila mara. Baada ya mama kufariki akaacha kuvileta nyumbani, nami nikadhani ameacha kabisa. Nilipapasa viatu vyake kila asubuhi, na havikuwa na kosa lolote.

Nilichukua mfuko wa karani, nikafunga mlango, nikaenda.

Baba alikuwa amekaa kwenye stuli yake, anashona mkanda wa mkoba. Miguuni alikuwa na viatu vyeusi vyenye ncha, vigumu kama mbao. Cha kulia alikuwa amekikaza kamba juu ya bandeji niliyomfunga asubuhi ile.

Fundi saa aliniona kwanza. "Mzee Soli, mgeni. Na hajaja kukuletea chai."

"Baba, hivyo ni vya nani?"

Akatazama chini, vilevile kama siku ya ndara. "Vya mwalimu wa hesabu. Navilegeza kidogo tu. Naenda navyo mpaka kona na kurudi."

"Kwa kidonda?"

"Haviniumi, mama."

"Hakuna kinachokuumiza! Hata nikikuchoma moto hutasikia!"

Niliisema kwa sauti ya juu, barabarani, mbele ya watu. Mtu aliyekuwa anapita alipunguza mwendo. Baba aliweka sindano chini taratibu.

"Jenerali alisema tupapase viatu vyangu," alisema. "Hivi si vyangu."

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ametii sharti kama alivyolisikia, bila kuruka hata neno moja.

Nilipiga magoti nikamfungua kamba. Kwa ndani, pale kidole kidogo kinapokaa, palikuwa na mshono mnene umevimba kama kovu. Nilichukua kidole chake cha mkono nikakipitisha juu yake. Mikono yake ilikuwa bado inasikia kila kitu. Alipapasa mshono ule, akapapasa tena.

"Huu ungenitoa machozi zamani," alisema.

Nikampa viatu vya karani. Nikamweleza habari ya plasta, na ya mwenzake wa masjala. Alivishika mapajani bila kuvitazama. Hata fundi saa asiyekosa neno alijifanya anatafuta skrubu.

"Unajua nilikuwa nadhani nini?" akasema baba. "Zamani nilikuwa najua kiatu kimelegea kikiacha kuniuma. Siku mbili, siku tatu, nne kwa ngozi mbaya. Mwaka huu kila kiatu nikivaa, asubuhi hiyohiyo hakiumi. Nikasema, ah, mkono wangu umekomaa. Uzee umenipa kitu kimoja kizuri. Nilimwambia hata huyu." Akamwonyesha fundi saa kwa kidevu.

"Alinitambia mwezi mzima," fundi saa alisema, polepole, bila kucheka.

"Kumbe nawapa watu viatu vinavyowatafuna." Akafuta uso kwa kitambaa cha rangi ya viatu, rangi ikabaki shavuni. "Fundi asiyejua kiatu kinauma wapi ni mshona magunia. Nipeleke nyumbani. Wakate hicho kidole, wakate na mikono."

Nilitaka kumpeleka. Nilitaka sana kwenda nyumbani nilale mpaka Jumatatu. Miguu yangu ilikuwa inapiga kama ngoma. Niliiangalia, ndani ya raba zangu za kazini, miguu ambayo shuleni iliniletea jina la Makasia, na ambayo mama alikuwa akisema nimeichukua kwa baba yangu bila ruhusa. Arobaini na mbili.

Nikavua raba. Nikavaa viatu vya karani.

"Unafanya nini?"

"Vinauma."

"Vitoe, ni vya kiume hivyo."

"Vinauma hapa."

Alinitazama miguuni. Kisha akasogeza stuli. Nilimwona akirudi kutoka mbali, sijui niseme vipi vizuri zaidi.

"Usiseme vinauma," alisema. "Kila mtu anasema vinauma. Kinachoma, kinabana au kinasugua? Kikichoma, tatizo ni mshono. Kikibana, ngozi haijanyooka. Kikisugua, kisigino ni kirefu. Kila kimoja kina dawa yake."

Nikatembea mpaka kona na kurudi. "Kushoto kinabana juu ya vidole. Kulia kinasugua nyuma."

"Juu kiasi gani? Onyesha kwa kidole." Akachora alama kwa chaki, akalowesha ngozi, akachukua nyundo. "Rudi tena mpaka kona. Tembea kama karani, usitembee kama mpiga pasi."

"Karani anatembeaje?"

"Kama mtu anayetafutwa na mkubwa wake," akasema fundi saa, na baba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kidonda.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Baba alifanya kazi na viatu vyake vya wazi, mguu wa kulia juu ya mto, na hakugusa kiatu cha mtu kwa mguu wake tena. Mimi nilikuwa napita pale jioni navaa vilivyo tayari na kurudi navyo nyumbani, nikiwa nimezifunga soli kwa kitambaa zisichakae. Vigumu zaidi nilivivaa hotelini, nyuma ya meza ya pasi, ambako hakuna aonaye miguu ya mtu. Mara moja msimamizi aliniona. Aliniuliza kama nimeolewa na bwana mwenye mguu sawa na wangu, nami nikakubali, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Sitasema ilikuwa raha. Nilikuwa nimechoka kabla, na sasa nilichoka na malengelenge juu yake. Kuna jioni nilitembea kutoka kituoni nikihesabu nguzo za umeme. Lakini nikifika, baba alikuwa ametangulia na kusimama mlangoni, mkono kiunoni, kama mama zamani.

"Leo umekuja na miguu ya nani?"

"Ya mwalimu wa hesabu."

"Inasemaje?"

"Inachoma ubavuni."

Wiki ya tatu Jenerali alikipima kidonda kwa rula ndogo. Hakikuwa kimefunga, ila hakikuwa kimeongezeka. Barua alikuwa ameshaiandika, iko mezani, naliona jina la baba. Aliitazama, akaiweka kwenye droo. "Wiki mbili nyingine," alisema. "Mlipata mchawi?"

"Tulimpata," alisema baba. "Alikuwa mimi."

Kilichukua wiki kumi na moja kufunga. Siku bandeji ilipotoka kabisa palikuwa na ngozi nyembamba ya waridi, na baba akaitazama kwenye kioo kwa muda mrefu bila kusema neno juu ya yule mzee. Usiku ule nilipomaliza kumkausha hakutoa miguu yake nje ya kitaulo. Alisema, "Kaa wewe." Nikakataa. Akasema tena. Akabadilisha maji mwenyewe, akapima kwa kiwiko kama tulivyofundishwa, akaniosha miguu, lengelenge moja moja, akitaja kila moja kwa jina la mwenye kiatu.

Baba alifariki mwaka huu, mchana, palepale kibarazani. Daktari alisema ni moyo. Fundi saa ndiye aliyempokea asianguke, na ndiye aliyekuja hotelini kuniita. Nilipobaki peke yangu na baba, nilifunua shuka upande wa miguu. Nilihesabu. Nikahesabu tena ili niwe na hakika, kisha nikaifunika.

Kwenye meza yake palibaki jozi moja ya viatu vya kahawia, haina jina wala hakuna aliyekuja kuiulizia. Fundi saa aliniletea pamoja na nyundo na chaki. Nimekuwa nikiivaa humu ndani jioni, kutoka chumbani kwake hadi jikoni na kurudi. Mwenyewe akija nataka aikute imelegea. Cha kulia tayari. Cha kushoto bado kina neno, kisiginoni, upana wa kidole kimoja chini ya ukingo. Hakichomi wala hakibani. Kinasugua.